Waendao Kilwa wafikishwe Husuni Kubwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na wenzangu wa Mombasa wanaopanga safari za Kilwa, pwani ya kusini ya Tanzania, wawe walimu wa shule, wasimamizi wa madrasa au vikundi vya akina mama na vijana wanaochanga fedha kidogo kidogo. Ratiba za safari hizi zinafanana mno. Siku mbili za barabara kwenda, asubuhi moja katika kisiwa cha Kilwa Kisiwani, siku mbili za kurudi. Asubuhi hiyo moja watu hushuka chomboni mbele ya Gereza, ngome ya zamani iliyo ufukweni, hupiga picha, huingia Msikiti Mkuu, hupita Makutani, magofu ya jumba jingine la masultani, na jua la saa sita likiwawakia hurudi ufukweni. Husuni Kubwa, jumba la Sultani lililo juu ya genge, yaani jabali refu la ufukweni, upande wa mashariki, huonyeshwa kwa kidole tu. Mtu amesafiri mamia ya kilomita akarudi bila kuona kitu kikubwa kuliko vyote alichokifuata.

Nasema kikubwa kwa sababu. Jumba lile lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, enzi ya Sultani Hasan bin Sulaiman, na lina vyumba zaidi ya mia moja. Ngome yetu ya Fort Jesus, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596, ni changa kwake kwa zaidi ya miaka mia mbili na hamsini. Wakati Ibn Batuta, msafiri kutoka Moroko, alipopita pwani hii mwaka 1331, alilala Mombasa usiku mmoja tu, akaandika kwamba misikiti yetu ni ya mbao iliyojengwa imara, kisha akaendelea na safari hadi Kilwa kwa Sultani huyo huyo Hasan. Dhahabu ya Sofala, bandari iliyo katika Msumbiji ya leo, ndiyo iliyolipia mawe yale. Sarafu ya Sultani huyo imepatikana hadi Zimbabwe Kuu, mji wa kale wa mawe katika nchi ya Zimbabwe ya leo, mbali kabisa na bahari. Mtoto wa Mombasa anayefundishwa kwamba ujenzi wa mawe uliletwa huku na Wareno, dawa yake ni kusimama ndani ya Husuni Kubwa kwa saa mbili, tena kabla hajaonyeshwa Gereza.

Sasa niingie katika mpango wenyewe, kwani hapo ndipo safari nyingi zinapoharibikia.

Jambo la kwanza ni maji. Wapangaji huchagua tarehe kwa kuangalia likizo na bei ya basi, wala hawaangalii mwezi mwandamo. Sisi watu wa pwani hatuna udhuru katika hili. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Maana yake kikundi kinachofika ufukweni saa nne kinakuta maji yamekwenda mbali, chombo kinakwama, na wazee na watoto wanashushwa kwenye tope na mawe wakatembee hadi nchi kavu. Tofauti kati ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua inapita meta tatu, kwa hiyo si jambo la kukunja suruali tu. Siku za maji mafu, karibu tarehe 7 hadi 9 na tena 21 hadi 23 za mwezi mwandamo, mambo hugeuka. Maji hujaa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hata yakipwa alasiri hayaendi mbali. Chombo kinafika karibu na ufuo asubuhi na kinawachukua tena saa tisa bila taabu. Kwa kikundi chenye wazee, watoto au mtu anayetembea kwa mkongojo, chagueni maji mafu, likizo iwe imeangukia wapi.

Kuna hasara moja ya kuchagua maji mafu, nayo niiseme wazi. Kwenye mlango wa bandari ya zamani kuna njia na majukwaa yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe baharini, na hayo huonekana vizuri maji yakipwa kabisa. Anayeyataka hayo aende bamvua, na kikundi kiwe cha vijana wenye miguu. Kwa safari ya kwanza Husuni iwe mbele.

Upepo nao una neno. Katikati ya mwaka kusi hupata nguvu kadiri jua linavyopanda, na kuvuka asubuhi ni laini kuliko kurudi jioni. Kivuko chenyewe ni kifupi, kama kilomita mbili, lakini mashua iliyojazwa watu na upepo wa alasiri huwalowesha wote. Kila abiria avae jaketi ya kuokolea, na mkiona hazitoshi, vukeni kwa mafungu mawili. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, msiende kabisa. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kusini maeneo ya Somanga, mabasi yakakaa pande zote mbili.

Jambo la pili ni barabara, nalo nitalipitia haraka. Mtavuka feri ya Likoni, mtaingia Tanzania kwa Lunga Lunga na Horohoro, mtapita Tanga hadi Dar es Salaam, na hapo mtalala. Kila mtu awe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano; wapo wanaokwama mpakani kwa kukosa kadi hiyo na kukichelewesha kikundi kizima. Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa ni kilomita kama mia tatu. Mtavuka mto Rufiji kwenye daraja la Mkapa, na mkifika Nangurukuru mtakata kushoto kuelekea baharini. Hapa wengi hukosea, maana Kilwa ni tatu. Ya kwanza mtakayoikuta ni Kilwa Kivinje, mji wa karne ya 19, wenye majengo yake mazuri lakini sio mnaoutafuta. Vyombo vya kwenda kisiwani huondokea Kilwa Masoko. Kilwa Kisiwani ndiyo yenye magofu. Aliyeandika "Kilwa" tu kwenye tiketi aulize mara mbili atateremshwa wapi. Kibali cha kuingia kwenye magofu huchukuliwa Masoko kabla ya kupanda chombo, pamoja na mwongozaji. Ulizeni kiwango cha raia wa Afrika Mashariki mkiwa na vitambulisho mkononi. Laleni Masoko usiku mbili. Usiku mmoja hautoshi, kwa sababu mkichelewa barabarani siku ya kwanza asubuhi yenu imekwisha.

Sasa kisiwani kwenyewe. Mkishashuka mbele ya Gereza, msiingie Gereza. Ombeni mwongozaji awapeleke mashariki kwanza, kupitia msikiti wa Malindi na makaburi yake, moja kwa moja hadi Husuni. Ni mwendo wa nusu saa au dakika arubaini kwa watu wazima, njia ya mchanga na vichaka, kivuli kikiwa cha kubahatisha. Kwa mpango wa kawaida Husuni huachwa mwisho, watu wakiwa wamechoka na jua liko utosini, ndipo mtu mmoja anasema "tumeona magofu ya kutosha" na wote wanamuunga mkono. Ukianza nayo saa tatu asubuhi, Msikiti Mkuu na Makutani zinakungojea njiani ukirudi, na Msikiti Mkuu una paa na kuba za kukupa kivuli saa ya joto. Husuni haina paa hata moja la kutegemewa. Huko juu hakuna duka wala bomba, basi kila mmoja abebe lita tatu za maji, viatu vya kufunika vidole, na kofia au leso. Kikundi cha watu arubaini kigawanywe kwa mafungu ya watu kumi na watano au pungufu, kila fungu na mwongozaji wake. Wakiingia wote pamoja, walio nyuma hawasikii kitu na ndio huanza kupanda kuta.

Jumba limejengwa kwa urefu juu ya genge, upande wa kusini ukitazama bara la kisiwa na ncha ya kaskazini ikitazama bahari. Ukitembelea bila mpangilio utaona kuta tu. Anza kusini, kwenye ua mkubwa uliozungukwa na vyumba vingi vilivyofanana. Vyumba hivyo hudhaniwa vilikuwa ghala za biashara na mahali pa wageni wenye bidhaa. Vihesabuni vyumba vya upande mmoja na watoto, mtu aone wingi wa mali uliotarajiwa. Kisha songa kaskazini, na kila ua unaoingia ni wa faragha zaidi ya uliotoka. Upo ua wenye ngazi pana za kukalia, ambapo Sultani inadhaniwa alikutana na watu. Lipo hodhi la pembe nane la kuogea, nalo ndilo linalopigwa picha kuliko vyote. Jiulizeni maji yalipandishwaje hadi juu ya genge, kwani jibu ni ndoo, kamba na watu, hakuna lingine. Mwisho kabisa, kwenye ncha, ni makazi yenyewe, na zipo ngazi za kushukia ufukweni ambako vyombo vilipakia na kupakua. Simameni hapo muangalie mlango wa bandari. Yule aliyechagua mahali hapa aliona kila jahazi kabla halijamwona yeye.

Ukuta nao usomeke. Mawe ya matumbawe magumu ya kuchimbwa nchi kavu yalipangwa na chokaa iliyochomwa kwa matumbawe hayo hayo, kisha yakapigwa lipu. Sehemu za kuchongwa, kama vishubaka na fremu za milango, zilitumia matumbawe laini ya baharini yanayokatwa yakiwa bado na maji, kwa sababu yakikauka hewani hukaza. Ukiona safu ya matundu kwenye ukuta juu ya kichwa, hapo boriti za mikoko zilishika dari. Urefu wa boriti moja ya mkoko ndio ulioamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vingi vya mji wa Waswahili havipiti meta tatu kwa upana hata kama vina urefu mkubwa. Pale Husuni mafundi walijaribu zaidi ya hapo: walijenga pia kwa matao na kuba, na mabaki yake yameanguka sakafuni. Usiruke juu ya kifusi hicho, kwani ndicho dari unalolitafuta.

Watoto wa Mombasa wanaweza kujifunza usomaji huu karibu na nyumbani kabla ya kwenda mbali. Wapelekwe Jumba la Mtwana, ng'ambo ya mkono wa bahari wa Mtwapa, wakae asubuhi moja wakitafuta matundu ya boriti, vidaka na visima. Watafika Kilwa macho yao yamefunguka.

Kuhusu kupanda kuta nitasema kwa urefu, maana hapa ndipo wageni wanapoharibu bila kujua. Ukuta wa matumbawe na chokaa una nyuso mbili za mawe yaliyopangwa na katikati yake kifusi na chokaa. Ulipokuwa na dari, mvua haikuufikia. Sasa kichwa chake kiko wazi. Mguu mmoja ukilegeza jiwe la juu, maji ya mvua huingia katikati, huiyeyusha chokaa kidogo kidogo na kuishusha chini, kifusi kinajaa chini na kuusukuma ukuta nje. Ukuta unafura tumbo. Mwaka unaofuata au wa tatu unaanguka, na aliyeupanda hajui kamwe kwamba ni yeye. Mizizi ya miti inayoota kwenye nyufa hufanya kazi hiyo hiyo kwa upole zaidi. Ukiona tumbo kwenye ukuta, usisimame chini yake kupiga picha hata kidogo. Na asitokee mtu wa kujitolea na mfuko wa saruji "kusaidia." Saruji ni ngumu kuliko matumbawe na haipitishi unyevu, kwa hiyo chumvi na maji hufungiwa ndani, na jiwe la zamani hupasuka huku saruji ikibaki nzima. Matengenezo ya mawe haya ni kwa chokaa, na ni kazi ya mafundi waliopewa idhini.

Vigae vya vyungu vitaonekana vimetapakaa ardhini. Viacheni hapo hapo. Kigae cha kaure ya Kichina kikiwa mahali pake kinamwambia mtafiti tarehe ya sakafu. Kikiwa mfukoni mwa mtalii hakisemi lolote, na kukichukua ni kosa la kisheria. Wachimbaji wa miaka ya 1960, chini ya mwanaakiolojia Neville Chittick, walipata hapo Husuni chupa ya kaure ya enzi ya utawala wa Yuan huko China, ya karibu mwaka 1300, na ilisaidia kulipa jumba umri wake kwa sababu ilikutwa mahali pake.

Ukingo wa genge nao usiaminiwe. Bahari inaula kwa chini na nyasi huficha mwanya kwa juu. Watoto wabaki umbali wa meta tatu, na walimu wasimame upande wa bahari. Mmomonyoko huu ni mojawapo ya mambo yaliyofanya magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yawekwe kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014. Mikoko iliyo chini ya genge huyapunguzia mawimbi nguvu, basi usikatwe hata mti mmoja wa kuni za mandari.

Waongozaji wengi wa Kilwa wanaijua kazi yao vizuri, lakini wapangaji wa Mombasa hupenda kusambaza maelezo yao wenyewe kabla ya safari, na humo makosa ni mengi. Husuni Kubwa haikujengwa na Wareno. Wareno walifika na kikosi cha Francisco de Almeida Julai 1505, wakaipora Kilwa, na mwezi uliofuata meli zile zile zikaja kuichoma Mombasa. Walijenga ngome yao huko Kilwa na kuiacha mwaka 1512. Gereza tunaloliona leo lilijengwa upya baadaye chini ya Waomani. Wareno walipofika, Husuni Kubwa ilikuwa na umri wa karibu karne mbili, na inaonekana haikuwahi hata kumalizika kujengwa. Tena haikuwa ngome ya vita: hakuna handaki, hakuna matundu ya mishale. Ile iliyo jirani, Husuni Ndogo, ng'ambo ya bonde dogo, ndiyo yenye kuta nene na minara kama ngome, na wataalamu hawajakubaliana ilikuwa ya nini. Ukiwa na nusu saa ya ziada ifikieni, ingawa ndani yake karibu hakuna kitu cha kuona.

Neno kuhusu adabu. Kisiwa kina kijiji na watu wake. Salamu kwanza, shikamoo kwa wazee, ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na mavazi ya heshima kwani mtapita makaburini na misikitini. Chakula cha mchana kikiagizwa kijijini siku moja kabla, mtakula samaki na wali kwa utulivu, na fedha zitabaki kwa wenyeji.

Ombi langu kwa wapangaji ni hili, Ndugu Mhariri. Kila tangazo la safari ya Kilwa liandikwe tarehe ya mwezi mwandamo ya siku ya kuvuka, saa maji yatakapojaa, na muda uliotengwa kwa Husuni Kubwa peke yake, usiopungua saa mbili. Mchangiaji akiona tangazo lisilo na mambo hayo matatu, ayaulize kabla ya kutoa fedha yake.

Wako katika kuienzi pwani,
Msomaji, Mji wa Kale, Mombasa